Mbuzi wa Kuagia Kazi

Siku ambayo Igoki aliacha kuwa mtu wa kiwandani, nyumbani kwake alikuta sherehe.

Ilikuwa Jumanne. Alipanda njia ya kutoka barabara ya lami kuelekea kwake, upande wa Kianjokoma, akiwa na kikapu chenye gambuti zake za mpira, koti jeupe na ile kofia ya wavu ya kuzuia nywele zisianguke kwenye njugu za makadamia. Tangu alipotoka langoni alikuwa akipanga maneno. Angemwambia mumewe kwanza, wakiwa wawili, kisha mama mkwe, kisha angelala. Alipofika kwenye migomba akasikia vigelegele. Akasimama. Akanusa nyama.

"Supavaiza!" Ndambiri, jirani yao mwenye bodaboda, ndiye aliyemwona wa kwanza. "Supavaiza amefika! Fungueni njia!"

Mtu akampokea kikapu. Mwingine akamshika mkono akautikisa kama anayepiga pampu ya maji. Nyaga, mumewe, alitokea nyuma ya jiko na kisu mkononi, mafuta hadi kwenye viwiko, na furaha usoni ambayo Igoki hakuwa ameiona tangu siku walipowekewa umeme.

"Mama Nyamu," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini?"

"Anauliza nini!" Nyaga aliwageukia wageni. "Mnaona vile hana majivuno?"

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi hiyo lori la kiwanda lilisimama kando ya barabara, mbuzi wakilia ndani. Mwiti, kijana kutoka Meru aliyesimamia meza za kuchagulia makadamia, alishuka akamvuta mbuzi mmoja kwa kamba hadi mlangoni kwa Nyaga. Alisema mzee Kathuri, mwenye kiwanda, amewatumia huyo. Wachinje, wale, wakae naye kwa amani. Sasa, mwaka uliotangulia mfanyakazi bora alikuwa amepewa sufuria. Nyaga akapiga hesabu yake. Kama mfanyakazi bora ni sufuria, mbuzi mzima hawezi kuwa kitu kidogo kuliko cheo. Hakuuliza wale wengine kwenye lori walikuwa wa nani. Kufikia adhuhuri alikuwa amempandisha mkewe cheo mbele ya kijiji kizima, na muda mfupi baadaye mbuzi alikuwa juu ya makaa.

"Keti hapa, mwana wangu," alisema Ciakuthii, mamake Nyaga, akipangusa stuli kwa leso yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti iliyofika barabarani bila yeye kujitahidi. "Nimekuwekea figo. Supavaiza halali bila kula figo."

"Baba Nyamu," Igoki alisema, "nimefutwa kazi."

Hakuna aliyesikia. Ndambiri alikuwa ameanzisha wimbo. Igoki akarudia, safari hii kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na wimbo ukakatika mtu mmoja mmoja, mpaka akabaki Ndambiri peke yake, macho ameyafumba, akimsifu supavaiza. Mkewe akamfinya.

"Nimefutwa. Sisi wote wa meza. Kathuri amenunua mashine yenye macho. Inachagua makadamia yenyewe, mbovu huku, nzuri huku. Hiyo mbuzi ni ya kutuaga."

Jirani mmoja, mzee mwenye adabu nyingi, alikuwa na nyama mdomoni. Akainua kidole.

"Sasa hii," aliuliza kwa shida, "nimeze ama nitoe?"

Hapo ndipo Igoki alipocheka. Alikuwa hajacheka wala kulia tangu asubuhi, na sasa alicheka mpaka akashika ukuta. Nyaga akacheka kwa aibu, wageni wakacheka kwa kuona wenyeji wanacheka, na kwa kuwa nyama haijui habari mbaya, waliila yote, pamoja na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu.

* * *

Wageni walipoondoka jua likiwa bado juu ya mashamba ya majani ya chai, ni Ciakuthii tu ambaye hakuwa akicheka. Aliweka mfupa chini.

"Mwiti alisema nini hasa?"

"Alisema tuchinje, tukae na mzee kwa amani," alijibu Nyaga.

"Mbele ya nani?"

"Ndambiri alikuwa hapa."

"Na ukaipokea kwa mkono wako?"

"Sasa ningeipokea kwa mguu, mama?"

Ciakuthii akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyekosa kumpata inzi. "Tumekwisha."

Akawaeleza jambo ambalo Nyaga alilijua tangu utotoni lakini hakulikumbuka mbele ya mbuzi aliyenona. Pande zile, watu wakikosana na wazee wakisikiliza, kesi hufungwa kwa mbuzi. Anachinjwa, pande zote zinakula, na aliyekula hafungui mdomo tena juu ya jambo lile. Kathuri ana gari jeusi na ni mzee wa kanisa, lakini ni mtoto wa kilima kile kile. Anajua.

"Huyo hakuwaaga," alisema. "Amewaziba mdomo na nyama. Na mimi nimekula figo!"

"Si ulisema umeniwekea?" Igoki aliuliza.

"Ulichelewa."

Igoki akacheka tena, lakini kicheko kiliisha mapema. Akawaambia yaliyobaki. Jumatatu wafanyakazi wote wa meza walitakiwa kurudi kiwandani kusaini kwamba wameacha kazi kwa hiari yao, ndipo wapewe pesa za siku walizofanya mwezi ule. Basi. Zaidi ya miaka kumi na moja ya kusimama mezani, vidole vikijua makadamia mbovu kabla ya macho, na mwisho wake ni siku chache na mbuzi ambaye tayari alikuwa ameliwa. Nyamu, mtoto wao, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Karo yake ilitoka kwenye vidole hivyo.

"Lazima kuna kitu kingine mtu anapewa," alisema Igoki. "Hata kuku wakiuzwa huulizwa mayai yako wapi."

* * *

Kesho yake walikwenda Embu mjini, kwenye ofisi ya kazi. Nyaga alivaa koti alilooa nalo. Afisa aliyewapokea aliitwa Gatwiri, mama wa makamo mwenye mafua, aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma aliyoyaficha kwenye droo.

"Nani amefutwa?"

"Ni mimi, madam," alisema Igoki.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye alichinja."

Gatwiri akamtazama Nyaga, akaona heri aendelee. "Uliambiwa sababu?"

"Mashine."

"Hukuiba? Hukulewa? Hukupigana?"

"Nilipigana na Kaari siku moja, lakini ilikuwa juu ya stuli."

"Hiyo wacha. Sikiza, mama. Wewe hukukosa kitu. Kazi yenyewe ndiyo imeondolewa. Hiyo inaitwa kupunguzwa, na ina taratibu zake." Akapenga kamasi. "Kwanza, angekuandikia notisi, mwezi mmoja mbele, na mimi hapa pia aniandikie. Mimi sijaona hata bahasha. Kama hakukupa huo mwezi, anaulipa. Siku za likizo ambazo hukuenda, analipa. Halafu kuna ya kuachishwa yenyewe: mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika, isipungue hapo. Umefanya miaka mingapi?"

"Kumi na moja na miezi saba."

"Kumi na moja."

"Na ile miezi saba?"

"Hiyo umemfanyia Mungu."

"Woi!" alisema Nyaga. "Hata nusu haihesabiwi?"

"Uliokamilika, baba. Si uliokaribia." Akamrudia Igoki na kumnyooshea gunzi. "Lakini ukisaini kwamba umeacha kazi kwa hiari, hiyo yote inapotea, kwa sababu mtu aliyeondoka mwenyewe hajapunguzwa na mtu. Usisaini. Umenisikia? Hata akikupea soda."

Nyaga akainua mkono kama yuko darasani. "Madam, na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

Wakamweleza. Gatwiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akawaangalia tena kama anayetumaini kwamba watakuwa watu wengine.

"Sheria ya kazi haijui mbuzi," alisema. "Hata mngekula kundi zima, deni lake liko pale pale."

"Basi tumepona!"

"Kwa sheria mmepona. Nyumbani kwenu sijui." Akafunga droo. "Mimi pia nina mama mkwe."

* * *

Nyumbani hawakupona.

"Huyo msichana ni wa serikali," alisema Ciakuthii. "Serikali haitaketi na mimi kanisani Kathuri akisoma matangazo, mbuzi yake iko hapa ndani yangu na mke wa mtoto wangu anamdai. Nitaangalia wapi? Nitaangalia dari?"

Igoki alidhani atawapata wenzake wamesimama imara. Alhamisi alizunguka kwao siku nzima, na kila alikoingia alikuta harufu ile ile ya nyama ya juzi. Wote walikuwa wamekula. Kaari, yule wa stuli, alikuwa ameuza hata ngozi.

"Mama Nyamu, ukweli ni kwamba pesa naitaka," alisema Kaari. "Lakini nimekula mbuzi ya mtu. Nitamwangalia Kathuri na jicho gani?"

"Kila mtu anatafuta jicho," alisema Igoki. "Hakuna anayetafuta karo."

Jioni Ciakuthii alitoa uamuzi bila kuulizwa. Mbuzi aliyeliwa harudi, lakini mbuzi hulipwa na mbuzi. Wampelekee Kathuri wa kwake, mikono yao iwe safi, kisha Igoki adai mpaka sauti ikauke.

Tatizo lilikuwa kununua mbuzi wakati nyumba haina kazi. Nyaga aliuza redio yake, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Pesa zilizopungua, Igoki alikwenda kuomba kwa chama chake cha akina mama. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa kupenda utaratibu.

"Mkopo ni wa nini?"

"Wa mbuzi."

"Wa kufuga?"

"Wa kurudisha."

"Kurudisha gani, Mama Nyamu?"

"Ile tulikula."

Akina mama walishika matumbo. Mmoja aliuliza kama chama sasa kitakuwa kinakopesha pia matapishi. Igoki alisimama pale, kikombe cha chai mkononi, akisubiri wamalize, kwa sababu mtu anayeomba hachagui atachekwa kwa muda gani. Walimpa. Walimpa wakiwa wanapangusa machozi.

Siku ya soko, Nyaga na Ndambiri wakateremka hadi Kiritiri, ambako ni pakavu na mbuzi ni wengi. Pesa zao zilitosha mbuzi mmoja tu sokoni, beberu mkubwa mwenye ndevu za mhubiri. Nyaga alishangaa kwamba mnyama mwenye mwili ule ana bei ile. Alishangaa pia jinsi muuzaji alivyofungua kamba haraka na kuondoka bila kuaga. Walirudi na pikipiki, beberu kati yao ndani ya gunia, kichwa nje, akimtafuna Ndambiri kola ya jaketi kuanzia Kiritiri mpaka nyumbani. Kila walipopita watoto walishangilia, na Nyaga, ambaye hakuweza kukaa na huzuni kwa muda mrefu, akaanza kuwapungia mkono.

* * *

Jumatatu uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa akina mama waliovaa nguo za Jumapili. Mwiti alikuwa ameweka meza nje, na juu yake karatasi na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Kathuri alisimama kando ya gari lake. Lilikuwa limeoshwa asubuhi hiyo, na mlango wake mweusi uling'aa kama kioo cha kunyolea ndevu.

Kaari alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisaini, akapewa vinoti vyake, akavikunja. Ndipo lango likafunguka, akaingia Ciakuthii na fimbo yake, nyuma yake Igoki, na nyuma kabisa Nyaga, ambaye haikuwa wazi kama anamvuta mbuzi au anavutwa.

"Kathuri, mwana wa Njiru," alisema Ciakuthii, na hata mashine ndani ikaonekana kunyamaza. "Umeamkaje?"

"Vizuri, cucu," Kathuri alijibu, kwa heshima ya kumwita bibi. "Karibu. Hii nayo ni nini?"

"Ni mbuzi yako."

Kathuri akamtazama beberu. "Yangu haikuwa na ndevu."

"Yako tulikula. Hii imekuja mahali pake. Ipokee na mkono wako, mbele ya hawa wote."

Kathuri akaficha mikono nyuma ya mgongo. Kila mtu aliona, na kila mtu alijua kwa nini. Akimpokea mbuzi, jambo alilolifunga limefunguka. Akimkataa, itambidi aseme yule wa kwanza alikuwa wa nini.

"Cucu, rudi nayo nyumbani. Zawadi hairudishwi."

"Aa. Kumbe ilikuwa zawadi?"

"Ilikuwa ya... ya kukaa kwa amani."

"Amani ya zawadi ama amani ya kesi?"

Akina mama wakaguna kama wako kwenye mahubiri. Kathuri akatazama angani. "Cucu, haya mambo tutaongea kanisani, polepole, sisi watu wazima..."

Hakumaliza. Nyaga, kwa kunogewa na mazungumzo, alikuwa amelegeza kamba. Beberu akageuza kichwa, na katika mlango wa gari akaona beberu mwingine mwenye ndevu kama zake anamtazama bila heshima. Akarudi nyuma hatua chache, akainama, akaenda.

Mlio ulikuwa wa debe kubwa likianguka kutoka darini. Kathuri akashika kichwa. Yule beberu wa mlangoni alikuwa bado yuko, sasa uso umepinda, na hilo lilimkasirisha wa Kiritiri zaidi. Akarudi nyuma tena.

"Shika mbuzi yako!" Kathuri alipiga kelele.

"Yangu?" Nyaga aliuliza kwa adabu, kamba ikimtoka mkononi. "Si mama amesema ni yako?"

"Si yangu!"

"Basi ile nyingine ilikuwa ya nini?" aliuliza Ciakuthii.

Mlio wa pili. Mwiti alikuwa anazunguka meza, hajui aokoe karatasi au gari.

"Zawadi!" Kathuri alilia. "Ilikuwa zawadi tu! Haina kesi ndani! Haki ya Mungu, cucu, ondoa hii kitu kwa gari yangu!"

Ciakuthii akawageukia akina mama. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Imetoka kwa mdomo wa nani?"

"Wake!"

"Nyaga, shika mbuzi."

Kicheko kilichofuata kilipita ukuta wa kiwanda. Wengine walikaa chini na nguo zao za Jumapili. Igoki peke yake hakucheka. Alikwenda mezani, na Mwiti akamsukumia kalamu kwa mazoea.

"Sisaini," alisema. "Mimi sikuacha kazi. Niandikieni barua ya kunipunguza, na nyingine mpeleke ofisi ya kazi Embu. Na miaka yangu ilipwe."

"Mama Nyamu, usiniletee shida," Mwiti alinong'ona. "Mimi pia nimeajiriwa."

"Najua. Siku yako ikifika, usisaini."

Nyuma yake foleni iligeuka ikaelekea langoni. Kaari alibaki mezani. Alivirudisha vinoti vyake juu ya meza, akavisawazisha kwa kiganja, akamwomba Mwiti karatasi yake. Mwiti akaiweka chini ya paja, akaikalia.

* * *

Kathuri aliitwa na ofisi ya kazi, akaitwa mara ya pili, ya tatu akaja. Alikuja na gharama ya kunyoosha mlango, akitaka ikatwe kwenye pesa za Igoki. Gatwiri alimwuliza mbuzi aliyefanya hasara ni wa nani. Kathuri akafungua mdomo, akamkumbuka Ciakuthii na swali lake la yule mbuzi wa kwanza, akaufunga. Walikubaliana kwamba kila mama aliyekataa kusaini atalipwa mwezi wa notisi, likizo, na siku zake kumi na tano kwa kila mwaka, yote kwa mafungu matatu. Suala la Kaari liliwekwa kando lisikizwe peke yake. Bado halijaisha, naye siku hizi akikutana na Igoki njiani humsalimia akiwa tayari amepita.

Beberu alirudishwa Kiritiri. Aliyemnunua, kwa bei ya kuumiza, alikuwa yule yule aliyemuuza.

Fungu la kwanza lilipoingia kwenye simu, Ciakuthii alidai asomewe ujumbe mara mbili, kisha akataka kuonyeshwa mahali zilipoandikwa sifuri. Akacheza kidogo, mikono kiunoni, kati ya jiko na zizi. Kwa wiki kadhaa alisimulia habari ya mlango wa gari kwa yeyote aliyepita, na kila mara beberu aliongezeka urefu. Kanisani alikaa kiti cha mbele na kumwangalia Kathuri usoni akisoma matangazo.

Ciakuthii alifariki mwezi wa tatu, usingizini. Fungu la pili lilinunua jeneza, na lililobaki likaenda kwa karo.

Fungu la tatu linalipwa mwisho wa mwezi huu. Igoki bado hajapata kazi.